Mbawakawa wa Gogo la Mkuyu

Mpenzi msomaji, kabla hujafungua kurasa za vichekesho na mafumbo ambazo najua ndizo unazozitafuta, naomba univumilie kidogo. Nataka kukusimulia kisa cha wadudu wadogo mno, wadogo kama punje ya wimbi, ambao nusura wanigombanishe na ukoo mzima na kunikalisha nyumbani muhula wote wa pili. Kisa hiki si cha kubuni. Ni cha mwaka huu, na mashahidi wangu wako hai.

Nyumbani kwetu si mbali na msitu wa Kakamega, ule msitu ambao vitabu husema ndio kipande cha mwisho hapa Kenya cha misitu mikubwa ya mvua ya upande wa Kongo. Nyuma ya jikoni la kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, kumelala gogo la mkuyu. Mti wenyewe ulikauka zamani, ukaanguka nilipokuwa darasa la sita. Watu wengi wameutaka kwa kuni na makaa lakini kukhu hukataa katakata, kwa sababu babu alipokuwa hai alikuwa akiketi chini yake jioni akisikiliza redio. Basi gogo limebaki pale pale linaoza polepole, na mbavuni mwake kumeota uyoga mgumu uliotokeza kama rafu za dukani. Huo si uyoga wa kula. Obwoba tunaokula huota kwenye vichuguu vya mchwa na huwa laini kama mkate. Huu wa gogo ukiutia kinywani utavunja jino.

Muhula wa kwanza, katika Biolojia, sisi wa kidato cha tatu tulifika kwenye uainishaji wa viumbe. Mwalimu akatuagiza kila mtu alete kuvu au uyoga wa aina yoyote. Wenzangu wengi walileta mkate ulioota ukungu. Mimi nilikivunja kipande cha uyoga wa gogo, nikakifunga kwa gazeti, nikakitia mkobani na kufunga safari ya shule. Nilipokifungua darasani, gazeti lilikuwa limejaa unga wa rangi ya kahawia na ndani ya unga ule vitone vilikuwa vinatembea! Jirani yangu wa dawati aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Ati umetuletea kunguni?" akauliza, na darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwalimu hakucheka. Alichukua lenzi ya mkono (shule yetu inazo tatu, na moja imepasuka), akaniambia, "Hebu hesabu miguu." Nikahesabu sita. "Mabawa?" Nikaona mabawa magumu mawili yaliyofunika mgongo kama kifuniko cha sanduku. Hapo nikajua ni mbawakawa, si kunguni. Kisha mmoja akageuka upande wangu na nikapiga kelele mwenyewe: "Mwalimu, huyu ana pembe!" Kwa hakika alikuwa nazo, pembe mbili ndogo juu ya kichwa kama za mwana-mbuzi. Nilimwuliza mwalimu ni mdudu gani huyo. Aliangalia kwa muda, akasema, "Sijui. Tafuta."

Nimesoma miaka kumi na moja na sikuwa nimewahi kumsikia mwalimu akisema hivyo mbele ya darasa. Neno hilo lilinikaa moyoni kuliko somo lenyewe.

Sasa utamtafutaje mdudu ambaye humwoni vizuri? Simu haziruhusiwi shuleni, na hata nyumbani simu ni moja tu, ya mama, ambaye huuza mboga sokoni na huitumia kupokea malipo ya M-Pesa. Niliruhusiwa kuishika jioni tu, baada ya yeye kurudi. Lakini kamera ya simu ukiisogeza karibu na kitu kidogo huona ukungu mtupu. Aliyenisaidia ni fundi wa redio pale sokoni. Alikuwa na mashine za DVD mbovu zimejazana chini ya meza kama maiti, na ndani ya kila moja kuna lenzi ndogo, kama tone la maji, ile inayosoma sahani. Alining'olea moja bila kunitoza hata ndururu. Niliibana lenzi ile katikati ya kibanio cha nywele, nikakishikisha kibanio nyuma ya simu kwa selotepu, lenzi ikae juu ya jicho la kamera. Basi!

Usidhani kazi iliishia hapo. Kwa lenzi kama hiyo lazima usogee mpaka karibu umguse mdudu, chini ya sentimita moja, na hapo kivuli chako mwenyewe humfunika. Nikawa namulika kwa tochi kutoka ubavuni, nikaweka kipande cheupe cha pakiti ya maziwa mbele ya tochi ili mwanga usimwake mgongoni. Mkono ukitetemeka kidogo, picha imeharibika. Ukipumua, mdudu anapeperuka. Tena mdudu mwenyewe ni mjanja: ukimgusa hukunja miguu na kujifanya amekufa, unamsubiri, unamsubiri, na unapochoka ndipo anapoamka na kutoka mbio. Kitu kingine ni kwamba pembe zikionekana vizuri, mkia huwa ukungu. Mkia ukionekana, pembe zimepotea. Jioni ya kwanza nilipiga picha arobaini na tatu na mbili tu ndizo zilizofaa. Kukhu alikuwa amekaa pembeni akichambua mboga. Aliniangalia nimelala kifudifudi juu ya karatasi ya grafu, akauliza, "Mjukuu wangu, siku hizi shule inawafundisha kuhesabu wimbi?"

Karatasi ya grafu ilikuwa shauri la mwalimu. Miraba yake midogo ni ya milimita moja moja, kwa hivyo mdudu akipigwa picha juu yake amejipima mwenyewe. Wangu walikuwa na milimita mbili, wengine hawakufika. Nilitia vipande vya uyoga katika chupa ya plastiki, nikafunika kwa kitambaa, nikaiweka juu ya rafu katika chumba cha kukhu cha kuwekea mahindi kwa sababu ndipo pakavu. Kila jioni nilipata wapya. Nilipopasua kipande kimoja niliona mji mzima ndani: mashimo na vichochoro, mabuu meupe yakitafuna, unga ukijaa nyuma yao. Hawa huzaliwa humo, hula humo, huoana humo, na wajukuu wao huendelea hapo hapo mpaka uyoga ubaki ganda. Wenye pembe ni madume. Majike vichwa vyao ni laini. Baadaye nilisoma kwamba Marekani kuna binamu yao wa mbali, mkubwa wa kama sentimita moja, aitwaye Bolitotherus cornutus, ambaye naye huishi kwenye uyoga wa magogo na madume yake hupigana kwa pembe.

Na kama unafikiri milimita mbili ni udogo, ngoja. Kuna mbawakawa mwingine wa uyoga, Scydosella musawasensis, ambaye alipatikana Nicaragua na kupewa jina mwaka wa 1999. Mwaka wa 2015 mwanasayansi Mrusi, Alexey Polilov, aliwapima wengine kutoka Kolombia na mdogo kuliko wote alikuwa na milimita 0.325. Yaani watatu wakipanga foleni hawajazi milimita moja ya rula yako! Huyo ndiye mdudu mdogo kuliko wote wanaojitegemea bila kuishi mwilini mwa mwingine, na bado ana macho, miguu sita na mabawa. Nilipomweleza mama habari hii alisema, "Haya, lakini usimalizie bando langu."

Nimeeleza mambo haya kwa raha, lakini sasa nafika penye uchungu.

Mwezi wa Mei, muhula wa pili ulipoanza, kukhu aliamua kuuza magunia mawili ya mahindi ya mavuno ya mwaka jana ili nilipiwe pesa za chakula cha mchana shuleni, pamoja na deni la muhula wa kwanza. Bei wakati huo huwa nzuri. Alipofungua gunia la kwanza alitia mkono, akautoa, na mkono wote ulikuwa mweupe kama wa mtu aliyekuwa akikanda chapati. Mahindi yamekuwa unga na maganda, na ndani ya unga wadudu weusi-kahawia walikuwa wanaogelea. Kukhu hakusema neno. Aliketi chini.

Baba mdogo, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya ua, alifika kwa hatua tatu. Alitazama gunia, akatazama rafu, akaiona chupa yangu. "Si nilisema! Si nilisema! Huyu msichana ametuletea Osama ndani ya nyumba!"

Osama ndilo jina ambalo watu wengi hapa kwetu humwita dumuzi, kwa sababu huangamiza bila huruma. Nilijaribu kusema kwamba wangu ni wa uyoga lakini nani angenisikiliza? Baba mdogo aliishusha chupa, akaenda nayo moja kwa moja jikoni, akaimwaga yote motoni. Nilisikia vipande vya uyoga vikialika. Kisha akatangaza kwamba Jumamosi ataleta msumeno na kulipasua gogo la mkuyu lote lichomwe makaa, maana ndilo kiota chenyewe. Nililia machozi yakanilowesha kifua. Hata sijui nililia kwa ajili ya nini zaidi, wadudu, gogo la babu, au shule.

Wahenga walisema Mgala muue na haki yake mpe, na mimi lazima nimpe baba mdogo haki yake. Hakuwa mjinga. Nilipomwendea mwalimu kesho yake, alinieleza habari za dumuzi na nikaona kwamba mashtaka yana maana. Dumuzi, ambaye jina lake la kitaalamu ni Prostephanus truncatus, si mwenyeji wa Afrika. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka wa 1983 akaonekana Kenya, huko Taita Taveta. Madhara yake yalikuwa makubwa hata mwaka wa 1992 wataalamu wakamwachilia nchini mbawakawa mwingine aliyeletwa kutoka huko huko kwao ili amle. Na tazama: dumuzi huweza kuishi hata katika mti mkavu, si mahindi peke yake. Tena ni wa mviringo kama mwanzi, ni wa rangi ya kahawia, hutoboa na kuacha unga. Wangu pia ni wa mviringo, wa kahawia, hutoboa na kuacha unga. Ungekuwa wewe baba mdogo ungesema nini?

Usiku ule hofu iliniingia kweli kweli. Je, kama ni mimi? Je, kama nilikuwa nikiwalisha dumuzi na kuwapiga picha kama maharusi huku wakila karo yangu?

Chupa ilikuwa imeteketea lakini picha zilikuwa bado ndani ya simu ya mama. Nilimwomba simu. Alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kunipa, maana yeye pia alikuwa amekasirika, ingawa hakusema. Nikachukua wadudu sita kutoka kwenye gunia, nikawaweka juu ya karatasi ile ile ya grafu, nikawapiga picha kwa lenzi ile ile. Kisha nikazitazama picha za pande zote mbili, zamu kwa zamu, mpaka betri ikaanza kulia.

Kwanza, urefu. Wa mahindi walijaza miraba mitatu na zaidi, mmoja karibu minne. Wangu hawakupita miwili. Pili, kichwa. Dumuzi ukimtazama kutoka juu huoni kichwa kabisa, kimefichwa chini ya kifua kama mtu aliyevaa kofia ya koti la mvua, na sehemu ya mbele ya kifua ina vijino vijino kama tupa. Wangu kichwa chao huchungulia, na dume ana zile pembe. Tatu, nyuma. Hapo ndipo nilipopumua. Nyuma ya dumuzi ni kama imekatwa kwa panga, imeshuka wima na ina kingo pembeni. Nyuma ya wangu ni ya duara, laini, na mwili wote una vinyweleo vifupi vilivyosimama kama nywele za mtu aliyenyolewa wiki iliyopita. Hawakuwa mdudu mmoja. Hata mtoto wa chekechea angeona.

Ijumaa jioni nilimwonyesha kukhu. Alivaa miwani, akaishika simu mbali na uso, akazitazama zote mbili bila haraka. Nilimwonyesha nyuma ya huyu na nyuma ya yule. Akaniuliza swali moja tu, swali ambalo mimi na elimu yangu yote sikuwa nimejiuliza: "Sawa, hawafanani. Lakini hawa wako, wakipewa mahindi, wanakula?"

Sikuwa na jibu. Kukhu akatoa hukumu: gogo lisiguswe kwa wiki tatu. Nikaenda nikavunja uyoga mpya, nikapata mbawakawa kumi wenye afya, nikawatia katika chupa yenye punje kumi za mahindi safi. Katika chupa nyingine nikatia dumuzi kumi na punje kumi. Nilizifunga vizuri na kuziweka nje kabisa, juu ya jiwe chini ya dari la jikoni, mbali na nafaka. Baba mdogo alicheka. "Mahakama ya wadudu," akasema. Lakini msumeno haukuja.

Siku ishirini na moja ni nyingi. Nne kati yake nilizikaa nyumbani kwa kukosa pesa, mpaka mama alipouza kuku watano na kukopa kwa jirani. Siku ya mwisho kukhu mwenyewe alizifungua chupa. Ya dumuzi ilikuwa imejaa unga na punje zote zilikuwa na matundu. Ya pili punje kumi zilikuwa kama nilivyoziweka, zinang'aa, na mbawakawa wangu saba walikuwa wamekufa kwa njaa. Watatu waliobaki walikuwa wamejibanza kwenye kitambaa.

Kukhu hakusema lolote. Alitandika mkeka uani, akaniita mimi na mama tumsaidie kutoa magunia yote nje, moja baada ya jingine, kwa mpango yalivyokuwa yamepangwa. Yalikuwa saba. Matatu yaliyokuwa chini ya rafu ya chupa yangu yalikuwa safi, labda na fukusi wachache wa kawaida. Mawili ya katikati yalikuwa yameliwa, moja nusu na moja zaidi. Mawili ya mwisho, yaliyoegemea ukuta wa mbali, yalikuwa unga mtupu. Hayo mawili yalikuwa na mistari myekundu. Hayakuwa yetu. Baba mdogo aliyanunua kwa mchuuzi mwezi wa Januari, akayaleta kwa kukhu yangoje bei ipande.

Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini methali hiyo niliisema moyoni tu. Hata mimi nina adabu. Baba mdogo alisimama pale uani akiyatazama magunia yake yenye mistari. Kisha alichukua baiskeli akaondoka. Aliporudi jioni alikuwa na mifuko ya plastiki, ile minene isiyopitisha hewa, ambayo ukifunga nafaka kavu ndani yake wadudu hukosa pumzi wakafa. Alimpa kukhu. Mahindi yaliyosalia tuliyachekecha, tukayaanika juani siku mbili na kuyafunga humo. Mpaka leo hajaniambia pole, na sidhani ataniambia.

Mwezi wa Juni mwalimu alizituma picha zangu, kutoka kwa simu ya mama, kwa mtaalamu wa wadudu jijini Nairobi. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Alisema ni wa familia iitwayo Ciidae, ambayo ina mamia ya spishi ulimwenguni na karibu zote huishi katika uyoga wa miti. Jina la spishi hakulitoa. Alisema picha, hata ikiwa nzuri, haitoshi: lazima kuhesabu pingili za vipapasio, kulitazama tumbo la dume kwa darubini kwa sababu wengi wana kishimo kidogo chenye vinyweleo hapo katikati, na kuchunguza ncha za miguu ya mbele. Aliongeza kwamba wa Afrika hawajachunguzwa vya kutosha na wengi hawajapewa majina. Akaomba tumpelekee madume matano katika spiriti. Tumepeleka. Tunangoja.

Kwa Kiswahili je? Nimepekua kamusi zote mbili za maktaba. Nimepata fukusi, dumuzi, sururu na mbawakawa, lakini huyu wangu hayumo. Katika kikao cha Chama chetu nilipendekeza aitwe pembekuvu. Katibu aliandika kwenye kumbukumbu kwamba pendekezo litajadiliwa, na mwanachama mmoja wa kidato cha nne akasema inasikika kama jina la ugonjwa wa ng'ombe.

Gogo la mkuyu lingali pale. Jumamosi iliyopita, nikiwa nafua sare, nilisikia naitwa kutoka ng'ambo ya ua. Alikuwa baba mdogo, amesimama karibu na kisiki cha mti wake. "Wewe! Kuja na hiyo simu ya mama yako. Hapa kumeota uyoga kama ule." Nilipangusa mikono nikaenda. Tuliinama sote wawili, tukachungulia chini yake kwa tochi. Uyoga ulikuwa bado mchanga, na hakukuwa na tundu hata moja. "Rudi mwezi ujao," akasema, akaenda kumfunga ng'ombe.